UZI: Kurekebisha darubini ya bunduki ya shabaha, usiguse kliki mpaka kundi liseme (wadau wa Tabora na Kigoma karibuni)

Mpiga Shabaha TBR

Wakuu, mwangaluka.

Kiangazi kikianza hapa Tabora, wenye bunduki za leseni huzitoa kabatini na kwenda renji kuzipima upya. Ndipo simu zinapoanza: "Kaka, nimefunga darubini mpya, nimemaliza boksi zima la risasi na bado haikai. Hii kitu ni feki?" Ukimwambia akutumie picha ya karatasi, unakuta matundu yametapakaa pande zote nne. Darubini yenyewe mara nyingi ni nzima kabisa. Alipiga moja ikaenda kushoto, akazungusha kulia. Akapiga nyingine ikaenda juu, akazungusha chini. Akaendelea hivyo mpaka boksi likaisha, na hakuna risasi mbili zilizopigwa darubini ikiwa mahali pamoja.

Kliki, yaani kila hatua ndogo ya kifundo cha darubini inayolia "tik" unapokizungusha, ni kazi ya mwisho. Haiguswi mpaka kundi la risasi liseme. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke, na mengine yote hapa chini ni njia ya kulifikia.

Naongelea bunduki ndogo ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi) kwenye mita 50, maana ndiyo wengi wetu tunayofanyia mazoezi. Hesabu ni zilezile kwa bunduki kubwa. Na naandika kwa wenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, wanaopiga kwenye renji iliyoruhusiwa, yenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Kichuguu cha porini si tuta. Nyuma yake anaweza kuwepo mtu anayerina asali, na wewe humuoni.

Tuanze na ufungaji. Hakikisha chemba ni tupu, toa bolti kabisa, kisha kagua skrubu zote: zile za kitako cha darubini na zile za pete. Pete nyingi hutaka kukazwa kati ya Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 1.7 na 2 tu. Soma karatasi iliyokuja nazo. Mtu akikaza kwa nguvu zote za mkono anabana bomba la darubini, na kifaa cha ndani kinashindwa kusogea vizuri. Baadaye analaumu kliki.

Kabla ya kukaza moja kwa moja, tafuta timazi, hii hii ya fundi ujenzi. Ining'inize kwenye nguzo mbele yako, weka pima maji juu ya reli ya bunduki mpaka bunduki ikae sawa, halafu zungusha darubini taratibu mpaka mstari wa wima wa msalaba (ile mistari miwili ya kulengea ndani ya darubini) ulale juu ya uzi wa timazi. Hapo ndipo ukaze skrubu, kidogo kidogo, kwa kupishana. Wengi hulipuuza hili kwa sababu msalaba ukiinama nyuzi 3 hata huoni kwa jicho. Lakini ukija kupandisha kliki 40 kwenye mita 50, mbali na kupanda sentimita 14 na nusu, kundi lako litahama pembeni karibu milimita 8. Utadhani ni upepo.

Kisha jicho lako. Elekeza darubini kwenye anga tupu, mbali kabisa na jua, tazama kwa sekunde moja au mbili, ondoa jicho, zungusha lenzi ya nyuma kidogo, tazama tena. Usikodoe macho muda mrefu, maana jicho hujirekebisha lenyewe na kukudanganya. Unataka msalaba uwe mweusi na mkali pale pale unapotazama.

Sasa paralaksi, na hapa naomba mtulie. Funga bunduki kwenye mifuko ya mchanga isitikisike, tazama shabaha, kisha sogeza kichwa kidogo juu na chini, kushoto na kulia, bila kugusa bunduki. Msalaba ukionekana kuogelea juu ya shabaha, una paralaksi. Maana yake ni kwamba picha ya shabaha na msalaba havikai sehemu moja ndani ya darubini, kwa hiyo mahali unapoweka jicho panabadilisha mahali unapodhani umelenga.

Ukubwa wake unahesabika. Chukua nusu ya kipenyo cha lenzi ya mbele, zidisha kwa tofauti kati ya umbali wa shabaha na umbali ambao darubini imewekewa isiwe na paralaksi, gawanya kwa huo umbali iliyowekewa. Darubini ya lenzi ya milimita 40 iliyowekwa kiwandani kwa mita 100, ukiitumia kwenye mita 50: 20 mara 50 gawanya kwa 100, ni milimita 10. Hicho ndicho kiwango cha juu, jicho likiwa ukingoni kabisa, lakini hebu kiweke karibu na karatasi yako. Pete ya 10 kwenye karatasi ya mita 50 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, ina kipenyo cha milimita 10.4. Yaani bila kliki hata moja kukosewa, bila upepo, shavu likikaa vibaya tu unaweza kutoka katikati ya 10 hadi kwenye 9. (ISSF wenyewe hawaruhusu darubini kwenye mashindano ya raifo ya mita 50. Sisi tunatumia karatasi yao kwa sababu pete zake ni rula tosha.)

Kama darubini yako ina kifundo cha paralaksi ubavuni au kwenye lenzi ya mbele, kizungushe mpaka msalaba uache kuogelea, na usiamini namba zilizoandikwa juu yake. Kama haina, dawa ni shavu: liweke mahali palepale kila risasi, na uhakikishe picha ni duara kamili bila kivuli cheusi upande wowote.

Haya, sasa ndiyo tupige. Risasi 5 kwenye nukta moja, kwa utaratibu uleule wa pumzi kila risasi, bila kugusa kifundo chochote hata kama ya kwanza imeenda usipopenda. Tundu moja halina la kukuambia. Mteuzi wa tumbaku hatoi daraja la robota zima kwa jani moja.

Sababu yenyewe ni hii. Tuseme bunduki yako na mikono yako, kwa pamoja, hutawanya risasi kwa wastani wa milimita 6 kutoka katikati, kila upande. Ukirekebisha kwa tundu moja, unarekebisha kwa habari yenye shaka ya milimita 6. Kwa matundu 3, shaka ya katikati ya kundi hupungua hadi kama milimita 3.5. Kwa 5, ni 2.7. Sasa kliki moja ya robo MOA (MOA ni kipimo cha pembe, naieleza hapo chini) kwenye mita 50 ni milimita 3.6. Mnaona? Kwa risasi 3, shaka yako ni sawa na kliki nzima, kwa hiyo ukizungusha kliki moja hujui kama umesahihisha au umeharibu. Kwa 5 unaanza kuwa na haki ya kuzungusha. Ukitaka kusaka kliki moja ya mwisho, piga 10.

Katikati ya kundi haikadiriwi kwa macho. Chukua rula, pima kila tundu kutoka ukingo wa kushoto wa karatasi, jumlisha, gawanya kwa 5. Fanya vivyo hivyo kutoka ukingo wa chini. Usitupe lile tundu lililotoka nje eti "hilo nilishtuka", isipokuwa ulilitangaza mwenyewe kabla ya kutazama karatasi.

Mfano: katikati ya kundi iko milimita 22 kushoto na 13 chini. MOA ni dakika moja ya pembe, sehemu ya 60 ya nyuzi moja, na kwenye mita 100 ni milimita 29. Robo yake ni 7.3, na kwenye mita 50 ni nusu ya hiyo, 3.6. Basi 22 gawanya kwa 3.6 ni 6 na ushee: kliki 6 kulia. 13 gawanya kwa 3.6 ni 3.6: kliki 4 juu, utazidi milimita moja na nusu na hilo liache. Mshale ulioandikwa kwenye kifundo unaonyesha upande ambao tundu litahamia. Fuata mshale tu, usianze kufikiria msalaba unakwenda wapi.

Jambo la mwisho kwenye kuzungusha. Ndani ya darubini, skrubu husukuma bomba dogo upande mmoja na springi hulirudisha upande wa pili. Springi ikiwa dhaifu, ukilegeza kifundo bomba linaweza kubaki nyuma hadi risasi ipigwe na kulitikisa. Ndiyo maana mtu huzungusha 4 haoni kitu, kisha ghafla kundi linaruka. Kwa hiyo ukienda upande wa kulegeza, pitiliza kliki kadhaa, halafu rudi ukimalizia kwa upande wa kukaza. Piga risasi moja kwenye tuta usiyoihesabu, kisha anza kundi jipya.

Muda wa kupiga: asubuhi, kabla ya saa tatu. Septemba na Oktoba hapa kwetu, jua likishapanda, ardhi inachemka na mazigazi yanaanza kucheza mbele ya darubini. Nukta ya shabaha inaonekana inatetemeka na kuhama. Hata moshi wa mapori yanayoungua kipindi hicho huondoa ukali wa picha. Na upepo wa ubavuni wa mita 4 au 5 kwa sekunde hupeleka risasi ya .22 zaidi ya sentimita moja kwenye mita 50. Huwezi kurekebisha darubini kwa upepo wa saa saba mchana halafu ukategemea ikae sawa kesho asubuhi.

Nawasilisha. Maswali yaje.

Kaliua Kwetu

Mkuu shukrani, uzi umeshiba. Yangu imeandikwa 0.1 MRAD na video zote nilizoona wanaongelea MOA na inchi. Nazibadilishaje?

Mpiga Shabaha TBR

Usizibadilishe kabisa mkuu, una bahati. Miliradiani moja ni sehemu ya 1,000 ya umbali. Kliki yako ya 0.1 ni sentimita 1 kwenye mita 100, milimita 5 kwenye mita 50, milimita 2 kwenye mita 20. Pima kundi kwa milimita, gawanya, basi. Ni kubwa kuliko robo MOA, kwa hiyo kwa mita 50 utabaki na kosa la hadi milimita 2 na nusu usiloweza kuliondoa kwa kliki. Kwa mazoezi inatosha. Wanaotaka usahihi zaidi hutafuta darubini za moja ya nane ya MOA, ambazo kliki yake kwenye mita 50 ni milimita 1.8.

Na hizo video ziangalieni kwa makini. Wamarekani husema "robo inchi kwa yadi 100". Yadi 100 ni mita 91.4. Ukichukua robo inchi yao, milimita 6.35, ukaipeleka kwenye mita 100 zetu, umekosea: kliki ya kweli pale ni 7.3. Kwa kliki 10 kosa linakaribia sentimita nzima.

Mzee wa Sikonge

Vijana hamjambo. Mimi nilifundishwa kulenga kwa vyuma vya bunduki yenyewe na nilikuwa napata. Sasa kijana wangu kaniwekea darubini kwenye .308, anasema tuisawazishe mita 25 halafu mita 100 itajiweka. Ni kweli?

Mpiga Shabaha TBR

Shikamoo mzee wangu.

Mita 25 ni pazuri pa kuanzia, ili upate risasi kwenye karatasi bila kupoteza nyingi. Toa bolti, weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia kwenye mtutu mpaka uone nukta ya shabaha katikati ya tundu, halafu bila kuisogeza bunduki zungusha vifundo mpaka msalaba ukae kwenye nukta hiyo hiyo. Rudisha bolti, piga. Kwa .308 kwenye mita 25 usitake risasi igonge katikati. Darubini imekaa kama sentimita 4 juu ya mtutu na risasi bado inapanda kuufikia mstari wa jicho, kwa hiyo ikigonga chini kidogo ya nukta ni sawa kwa anayetaka kusawazisha mita 100. Lakini haijiweki. Lazima uende mita 100 upige kundi pale. Kosa la milimita 5 kwenye mita 25 ni sentimita 2 kwenye mita 100.

Pia acha mtutu upoe kati ya makundi. Mtutu mwembamba wa bunduki ya kuwindia ukipata moto, kundi hutanuka na mara nyingi huhama.

Kuhusu vyuma, mzee, heshima yake ipo palepale, na ndivyo ISSF wanavyoshindana hadi leo. Msalaba ndani ya darubini nao si wa jana. Mwingereza William Gascoigne, mtazama nyota, alifanya kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1630. Inasimuliwa kwamba buibui alitanda uzi ndani ya darubini yake, akauona uzi na nyota kwa pamoja vyote vikiwa vikali. Aliuawa vitani mwaka 1644 akiwa bado kijana.

Ujiji Mwisho wa Reli

Wakuu, mimi niliisawazisha hapo Tabora, nikapanda treni hadi Kigoma. Kufika huku kundi liko sentimita 3 kulia kwenye mita 50. Rafiki yangu anasema ni hewa nzito ya huku ziwani. Nirekebishe?

Mpiga Shabaha TBR

Usiguse bado ndugu. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika lenyewe lipo kama 770. Hewa ya huko ni nzito kidogo kweli, lakini hewa nzito huongeza mkokoto (ukinzani wa hewa), na mkokoto hushusha risasi, tena kwenye mita 50 ni kidogo mno hutaipima kwa rula. Haiwezi kukupeleka kulia sentimita 3 asubuhi isiyo na upepo. Hizo ni kliki 8. Kuna kitu kimesogea.

Anza na skrubu za kitako na za pete. Treni hutikisa, na silaha ikilala ubavu na darubini ikiegemea ukingo wa sanduku, ndipo inapopigwa. Kisha niambie: ni risasi za boksi lilelile ulilotumia Tabora, au umenunua nyingine?

Ujiji Mwisho wa Reli

Nyingine, kampuni tofauti kabisa. Na skrubu ya mbele ya pete nimeikuta imelegea, inazunguka kwa vidole.

Mpiga Shabaha TBR

Basi vyote viwili. Kaza kwa kipimo, rudi kwenye timazi na pima maji kwa sababu darubini huenda imezunguka pia, halafu chagua risasi moja na ubaki nayo. .22 inabagua sana risasi. Ukibadilisha aina kundi linaweza kuhama na kutanuka kwa wakati mmoja. Piga 5, pima, ndipo uamue.

Nzega Asubuhi

Kaka naomba msaada wako. Kabla ya kuiamini darubini yangu nimefanya jaribio la ubao mrefu. Nimechora mstari wa timazi kwenye boksi la katoni, nikapiga 5 chini, nikapandisha kliki 40 za robo MOA, nikapiga 5 nyingine nikiwa nalenga nukta ile ile ya chini. Kwa hesabu yako ilitakiwa zipande sentimita 14.5. Zimepanda 13.2. Mstari zimeufuata vizuri, hazijaenda pembeni. Ina maana kliki zake ni za uongo?

Mpiga Shabaha TBR

Dada hongera sana, hilo ndilo jaribio ambalo kila mtu angelifanya mara tu anapofunga darubini. Kufuata mstari ni habari njema, msalaba wako umesimama wima. Kabla hatujaihukumu darubini: umbali wa mita 50 uliupimaje?

Nzega Asubuhi

Kwa hatua. Kuna jiwe mahali tunaposimama na wenzangu wote wanasema ni mita 50.

Mpiga Shabaha TBR

Pima kwa tepu ya fundi, ile ndefu. MOA 10 zingekupa sentimita 13.2 kama ungekuwa kwenye mita 45 na nusu hivi. Tepu ikisema 50 kamili, basi darubini yako inasogea asilimia 91 ya inachodai. Andika kliki yako kuwa milimita 3.3 na uendelee na maisha, ilimradi kila ukirudia unapata kiasi kilekile. Kliki ndogo kuliko ilivyoandikwa ni kitu cha kuishi nacho. Kliki inayobadilika kila siku ndiyo ya kurudisha dukani.

Nzega Asubuhi

Kaka nimerudi na tepu. Ni mita 45 na sentimita 40.

Mpiga Shabaha TBR

Darubini nzima hiyo. Hamisheni jiwe. Kisha shusha kliki 40 hadi ulipoanzia (kushusha ndiyo upande wa kukaza, kwa hiyo huhitaji kupitiliza), piga moja kwenye tuta, halafu 5 kwenye nukta ukiwa mita 50 za kweli. Kundi likikaa katikati, legeza kofia ya kifundo bila kuzungusha kliki, iweke kwenye 0, ikaze. Andika tarehe, umbali, na aina ya risasi kwenye karatasi ile ile na uiweke pamoja na leseni.